Ileje na Mto Uhamao: Milima, Makaa na Maji ya Mkoa wa Songwe

Itumba, makao makuu ya Wilaya ya Ileje, ni mji mdogo uliokaa chini ya milima ya Undali, si mbali na mpaka wa Malawi. Mtu aliyezoea kutembea anaweza kuondoka sokoni asubuhi, akafika Isongole penye kituo cha forodha, akanunua alichokusudia na kurudi kabla ya jua kutua. Kutoka hapo hadi Dar es Salaam ni safari ya zaidi ya kilometa 900. Bahari, kwa hiyo, ni habari ya mbali. Hata hivyo, msomaji akitaka kuielewa nchi hii ya pembeni kabisa mwa kusini magharibi mwa Tanzania, hana budi kuanza na swali ambalo kwa kawaida huulizwa kuhusu nchi za pwani: maji yake yanakwenda wapi?

Mkoa wa Songwe ni mchanga. Ulimegwa kutoka Mkoa wa Mbeya mwaka 2016, ukapewa makao makuu Vwawa na wilaya nne: Mbozi, Momba, Songwe na Ileje. Eneo lake ni kama kilometa za mraba 27,000, na Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu wakazi wapatao milioni 1.34. Umri wa mkoa ni mdogo, lakini miamba yake ni ya kale mno. Baadhi yake ina umri upatao miaka bilioni mbili. Miamba hiyo imepasuliwa na Bonde la Ufa, kwa maana hapa kusini magharibi ndipo matawi ya Bonde hilo yanapokutana: moja laelekea Ziwa Rukwa, jingine Ziwa Nyasa, na jingine Usangu.

Basi na tulifuate tone la mvua. Likianguka upande wa kaskazini wa uwanda wa Mbozi, litaingia katika mito inayoteremka kwenda Ziwa Rukwa, lililo katika mwinuko wa meta 800 hivi. Ziwa hilo halina mlango wa kutokea. Tone litakaa humo mpaka jua litakapolinyonya, na chumvi yake itabaki ziwani. Likianguka Ileje, litaingia Mto Songwe, litateremka hadi Ziwa Nyasa, kisha litashika njia ya Mto Shire na Zambezi, na mwisho kufika Bahari ya Hindi katika pwani ya Msumbiji. Ng'ambo ya mpaka wa magharibi, katika nyanda za juu za Zambia, tone jingine litaingia Mto Chambeshi, ambao wataalamu wengi huuhesabu kuwa chanzo cha mbali kabisa cha Mto Kongo, nalo litaishia Bahari ya Atlantiki. Kwa hiyo mawingu yale yale, siku ile ile, yaweza kugawa mvua yake kwa bahari mbili na kwa ziwa moja lisilo na mlango.

Hapa inafaa kumwonya mgeni. Mito yenye jina la Songwe ni miwili. Mmoja huenda kaskazini, Rukwa. Mwingine huenda kusini mashariki, Nyasa. Katika ramani za shule jambo hili limewachanganya walimu na wanafunzi pia. Makala haya yanahusu zaidi huu wa pili, Songwe wa mpakani.

Mpaka ulioandikwa kwa maji

Tarehe 1 Julai 1890, Uingereza na Ujerumani zilitia saini mkataba wa kugawana nchi za Afrika Mashariki. Waliouandika hawakuwa wameipima nchi hii. Walichokuwa nacho ni majina ya mito na maziwa, na habari za wasafiri. Waliandika kwamba mpaka uanzie mlangoni mwa Mto Songwe katika Ziwa Nyasa, uupande mto huo hadi unapokatwa na longitudo ya 33 Mashariki, kisha uufuate hadi pale unapolikaribia zaidi bonde la Kongo, na kutoka hapo uambae na ukingo wa bonde hilo. Yaani mstari wa kutenga mataifa ulifuata mstari wa kutenga maji. Sababu moja kubwa ilikuwa barabara ya Stevenson, iliyoanzwa mwaka 1881 ili kuunganisha Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika. Waingereza walitaka ibaki upande wao, na ikabaki.

Mkataba uliofuata, wa mwaka 1901, uliufafanua zaidi mpaka kwa kufuata mkondo wa kina cha Songwe. Kuhusu mpaka wa ziwani, ambao Tanzania na Malawi zimebishana juu yake kwa miaka mingi, tutauacha kwa wanasheria. Mto peke yake una mambo ya kutosha.

Watu waliokuwa wakiishi pande hizi hawakuulizwa. Walambya wako Ileje na wako Chitipa, Malawi. Wandali wa milima ya Undali wana jamaa zao katika vilima vya Misuku ng'ambo ya mto, na lugha zao zinaelewana pasipo mkalimani. Harusi na misiba huvuka mpaka. Jambo hili lina uzito katika sayansi ya kuhifadhi mto, kama tutakavyoona, kwa kuwa mto wenye kingo mbili hauwezi kutunzwa na ukingo mmoja.

Kwa nini mto huhama

Songwe una urefu wa kilometa zipatazo 200. Unaanzia katika nyanda za juu, hupita katika magenge na mabonde membamba ya Ileje, kisha ghafla huingia katika uwanda wa Kyela upande wa Tanzania na Karonga upande wa Malawi, kabla ya kumwaga maji yake ziwani katika mwinuko wa meta 475 hivi. Bonde lake lote ni kama kilometa za mraba 4,200, na zaidi ya nusu yake iko Tanzania.

Mto unaoteremka mlimani una nguvu ya kubeba. Hubeba mchanga, changarawe na udongo mwekundu wa mashambani, na wakati wa masika hata magogo na mawe. Ufikapo uwandani, mteremko hupungua, mwendo hupungua, na mzigo hauna budi kutuliwa. Udongo huo ndio uliowapa watu wa Kyela na Karonga mashamba yao ya mpunga. Lakini mto uliotua mzigo njiani mwake huwa umejizibia njia. Hutafuta pengine pa kupita, na ndipo huanza kujipinda.

Kila pindo la mto lina kingo mbili zisizofanana. Ukingo wa nje hupigwa na maji yaendayo kasi, nao huliwa kidogo kidogo hata ukaporomoka. Ukingo wa ndani hupitiwa na maji ya polepole, nao huongezewa mchanga kila mwaka. Hivyo pindo huzidi kupindika, mpaka shingo yake inakuwa nyembamba. Kisha huja mvua kubwa ya mwezi wa Machi au Aprili. Mto huikata ile shingo usiku mmoja, na asubuhi mkondo wa zamani umebaki dimbwi lenye umbo la mwezi mchanga.

Katika mto wa kawaida hilo ni hasara ya mkulima. Katika mto wa mpakani ni hasara ya mkulima na suala la mataifa mawili. Mtu aliyelala Tanzania anaweza kuamka na kukuta mto uko nyuma ya nyumba yake badala ya mbele. Je, amekuwa Mmalawi? Sheria ya kimataifa hutofautisha hali mbili. Mto ukihama polepole kwa kula ukingo huu na kujaza ule, mpaka huhama nao. Mto ukiruka ghafla na kuchimba njia mpya, mpaka hubaki katika mkondo wa zamani hata kama umekauka. Kanuni hii ni nzuri vitabuni. Shida ni kwamba Songwe hufanya yote mawili, wakati mwingine katika masika yale yale, na hakuna anayesimama ukingoni na kipimo kuamua lini polepole imegeuka kuwa ghafla.

Serikali za Tanzania na Malawi zimelishughulikia tatizo hili kwa miongo kadhaa. Mwezi Mei 2017 zilitia saini mkataba wa kuunda Kamisheni ya Pamoja ya Bonde la Mto Songwe, yenye makao yake Kyela. Katika mpango wake mkubwa limo bwawa la Songwe ya Chini, ambalo likijengwa litazuia mafuriko, litazalisha umeme wa takriban megawati 180 wa kugawana nusu kwa nusu, na litanywesha hekta zaidi ya 6,000 za mashamba katika nchi zote mbili.

Mwandishi wa makala haya anaona bwawa ni jambo jema. Lakini bwawa ni chungu, na chungu kikijazwa tope hakibaki na nafasi ya maji. Tope hilo halitoki Kyela wala Karonga. Linatoka juu, katika miteremko ya Undali na Misuku, katika mashamba ya watu ambao pengine hawajawahi kuuona uwanda wa mpunga. Kwa hiyo anayetaka kujua mpaka utakuwa wapi baada ya miaka 50 afadhali aache kutazama mlango wa mto, apande Ileje.

Miteremko ya Undali

Wilaya ya Ileje ina sura mbili. Tarafa ya Bulambya, ilipo Itumba, ni nchi ya chini yenye joto la wastani na mvua ya kadiri. Tarafa ya Bundali ni milima inayofika na kupita meta 2,000, yenye ukungu asubuhi, mvua nyingi, na udongo mzito. Mvua huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei. Huku hulimwa mahindi, maharage, ndizi, kahawa na pareto. Pareto, kwa msomaji asiyeijua, ni ua jeupe linalofanana na alizeti ndogo. Likikaushwa hutoa dawa ya kuua wadudu isiyodumu sana katika mazingira, na kwa hiyo inapendwa mahali ambapo dawa za viwandani zinaogopwa.

Shamba la Bundali hutazama bondeni. Mkulima anayepalilia huwa kama aliyesimama ngazini. Ardhi ya namna hii, ikiwa imefunikwa na msitu, hunywa mvua kama sifongo na kuitoa polepole wakati wa kiangazi. Msitu ukiondolewa, tone la mvua hupiga udongo mtupu, huvunja chembe zake, huziba vinyweleo vyake, na maji yaliyokuwa yazame hukimbia juu ya ardhi. Mtu anaweza kuliona jambo hili bila maabara. Achukue chupa mbili za kioo, azijaze maji ya vijito viwili baada ya mvua, kimoja kitokacho msituni na kingine kitokacho mashambani, aziache usiku kucha. Asubuhi apime kwa rula kina cha tope kilichotua. Mwalimu wa shule ya msingi anaweza kulifanya zoezi hilo kila masika na kuweka kumbukumbu. Baada ya miaka kumi daftari lake litakuwa na thamani kwa mhandisi yeyote wa mabwawa.

Miti ya Ileje haikatwi kwa ajili ya mashamba tu. Inakatwa kwa ajili ya jiko. Kuni na mkaa ndivyo vipikiavyo chakula katika nyumba nyingi za vijijini, na mji unapokua, kama Itumba na Tunduma zinavyokua, mkaa husafiri mbali zaidi. Jambo hili linatupeleka, kwa njia ambayo msomaji hakuitazamia, hadi Uchina.

Habari kutoka Fujian

Katika pwani ya kusini mashariki ya Uchina kuna jimbo liitwalo Fujian. Kwa ukubwa ni zaidi ya mara nne ya Mkoa wa Songwe, na watu wake walikuwa milioni 41 na zaidi katika sensa ya mwaka 2020. Wachina wa huko husema kuwa jimbo lao ni sehemu nane za milima, moja ya maji na moja ya mashamba. Kwa sababu ardhi iliwabana, waligeukia bahari. Bandari yao ya Quanzhou ilikuwa mojawapo ya zilizo kubwa duniani katika zama za kati, na mwaka 2021 UNESCO iliiingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia. Misafara ya Zheng He ya karne ya 15 ilikuwa ikitia nanga Changle, katika pwani ya Fujian, kungojea pepo za msimu, na baadhi ya safari zake zilifika Mogadishu na Malindi. Chai ya milima ya Wuyi, iliyoko katika jimbo hilo hilo, imesafiri dunia nzima.

Hayo ndiyo yanayojulikana na wengi. Lakini kinachotuhusu sisi kiko mbali na pwani, katika wilaya ya milimani iitwayo Changting, upande wa magharibi wa jimbo. Huko udongo ni mwekundu, umetokana na mwamba wa matale uliooza, nao huchukuliwa na maji kwa urahisi. Misitu ilikatwa kwa karne nyingi, hasa kwa kuni. Kituo cha majaribio ya hifadhi ya udongo kilianzishwa huko tangu mwaka 1940, lakini milima iliendelea kuwa mitupu. Uchunguzi wa mwaka 1985 ulionyesha kuwa karibu theluthi moja ya wilaya nzima, yaani kilometa za mraba 970 na zaidi, ilikuwa imeharibiwa na mmomonyoko. Mto Ting, unaopita hapo kwenda kuungana na Mto Han katika jimbo la Guangdong, ulibeba tope mpaka jimbo la jirani.

Leo sehemu iliyoharibiwa imepungua hadi chini ya asilimia 10. Mbinu zilikuwa nyingi: kufunga milima isichungwe wala kukatwa miti, kupanda nyasi na vichaka kwanza, kisha misonobari, kisha miti ya majani mapana, kutia mbolea katika miti iliyodumaa, na kutengeneza matuta. Lakini wenyewe wanakiri kuwa hakuna hata moja ya hizo ambayo ingefaulu kama mama wa nyumbani angeendelea kuhitaji kuni. Hivyo serikali ya mahali iliwapa wananchi ruzuku ya kununua makaa ya mawe ya kupikia ili waiache miti ikue. Msitu wa Changting uliokolewa kwa sehemu kubwa na jiko.

Makaa ya Kiwira

Na makaa ya mawe Ileje inayo. Machimbo ya Songwe-Kiwira yako katika tabaka za miamba iitwayo Karoo, iliyotandazwa kati ya miaka milioni 250 na 300 iliyopita, wakati Afrika, Bara Hindi, Australia, Amerika ya Kusini na Antaktika zilipokuwa bara moja. Mimea ya vinamasi vya wakati huo ilizama, ikafunikwa na mchanga na tope, ikashindiliwa na kupikwa na joto la ardhini hata ikawa makaa. Mtu anayeshika bonge la makaa ya Kiwira ameshika msitu, ila ni msitu wa zamani sana.

Mgodi wa Kiwira ulijengwa katika miaka ya 1980 kwa ushirikiano na Uchina na kufunguliwa mwaka 1988. Ulikusudiwa kutoa tani 150,000 kwa mwaka, na pembeni yake kilijengwa kituo cha umeme cha megawati 6. Uzalishaji ulisimama mwishoni mwa miaka ya 2000, baada ya mgodi kupitia mikononi mwa wamiliki mbalimbali na madeni mengi, historia ambayo Watanzania wengi wanaikumbuka bila furaha. Baadaye Shirika la Madini la Taifa, STAMICO, liliuchukua, na uchimbaji wa wazi ukaendelezwa katika vilima vya Kabulo. Katika miaka ya karibuni shirika hilo limeanza kutengeneza vitofali vya kupikia kutokana na makaa ya mawe, ili vishindane na mkaa wa miti. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwezi Mei 2024, umeweka lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034.

Je, tuige Changting? Jibu si rahisi kama linavyoonekana. Makaa ya mawe yakichomwa ovyo ndani ya nyumba hutoa moshi wenye sumu na hewa ya kaboni monoksidi isiyonusika, ambayo huua watu usingizini. Katika Xuanwei, wilaya ya jimbo la Yunnan, akina mama waliopika kwa makaa yenye moshi katika mashimo yasiyo na bomba la moshi walipatwa na saratani ya mapafu kwa kiasi kilichowashtua matabibu. Majiko yenye mabomba yalipowekwa, ugonjwa ulipungua. Kwa hiyo kitofali peke yake hakitoshi. Kinahitaji makaa yaliyosafishwa, jiko lililobuniwa kwa ajili yake, na dirisha. Na mahali gesi ya mitungi au umeme vinapofika kwa bei ambayo watu wanaimudu, hivyo ni bora zaidi. Lakini kumwambia mkazi wa Bundali aache kukata mti bila kumwonyesha cha kupikia ni kumsemesha mto arudi mlimani.

Njia na biashara

Uchina iliwahi kufika huku kabla ya mgodi. Reli ya TAZARA, yenye kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kwa mkopo usio na riba wa yuan milioni 988, nayo hupita Vwawa na Tunduma. Mataruma yalifika Tunduma mwaka 1973. Kabla yake, mwaka 1968, bomba la mafuta la TAZAMA lilikuwa limekwisha kulazwa kutoka Dar es Salaam hadi Ndola. Mwezi Septemba 2024, mjini Beijing, Tanzania, Zambia na Uchina zilitia saini hati ya makubaliano ya kuifufua reli hiyo, ambayo mizigo yake ilikuwa imepungua sana.

Mizigo iliyoikimbia reli iko barabarani. Tunduma, yenye wakazi zaidi ya laki mbili, ni bandari kavu kwa kila hali ila jina: shaba ya Zambia na Kongo huingia, mafuta, saruji na bidhaa za dukani hutoka, na foleni ya malori huonekana usiku na mchana. Kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde kilizinduliwa mwaka 2019 ili lori likaguliwe mara moja badala ya mara mbili. Barabara ya lami kutoka Mpemba, karibu na Tunduma, hadi Isongole, yenye kilometa zipatazo 50, imeifungulia Ileje mlango huo. Aliyewahi kusafiri njia hiyo wakati wa tope anajua thamani yake kuliko takwimu zinavyoweza kueleza.

Kahawa ya arabika ya Mbozi haihitaji kusifiwa hapa. Kituo cha utafiti cha Mbimba kimewapa wakulima miche inayostahimili chulebuni na kutu ya majani. Dhahabu huchimbwa Wilaya ya Songwe, katika eneo la Lupa lililojulikana tangu miaka ya 1920.

Ya kutazamwa

Msafiri aliyefika Itumba asirudi upesi. Katika kijiji cha Ndolezi, Mbozi, kuna Kimondo, bonge la chuma lililoanguka kutoka anga za juu. Lina urefu wa meta 3 hivi. Vitabu vingi huandika uzito wa tani 16, ingawa ukadiriaji wa karibuni umeushusha hadi tani 12. Asilimia 90 yake ni chuma na karibu 9 ni nikeli, pamoja na chembe za shaba, fosforasi na salfa. Wenyeji walikifahamu tangu kale. Wageni walikiandika kwa mara ya kwanza mwaka 1930, kikiwa kimezikwa nusu, na udongo ukachimbwa pembeni yake. Shimo la kuangukia halionekani. Maana yake ni kwamba kilianguka zamani za kutosha kwa mvua na upepo kulifukia, ndiyo sababu hakuna simulizi la aliyekiona kikishuka.

Kaskazini zaidi, katika bonde la Rukwa, mchanga umehifadhi mifupa ya viumbe waliokwisha kutoweka. Mwaka 2013 wanasayansi walitangaza Rukwapithecus, nyani asiye na mkia wa miaka milioni 25 iliyopita, wa kale kuliko wote waliojulikana wa jamii yake. Mwaka 2017 walimtangaza dinosaria mla majani, wakampa jina la Kiswahili na la mahali: Shingopana songwensis. Ni mmoja wa Waswahili wachache katika orodha ndefu ya majina ya Kigiriki na Kilatini yanayowatia watoto wetu hofu.

Chini ya bonde hilo hilo kuna jambo jingine. Mwezi Juni 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham, pamoja na kampuni ya Helium One, walitangaza kugunduliwa kwa gesi ya heliamu. Gesi hii huzaliwa polepole ndani ya miamba ya kale, madini ya uranium na thorium yanapochakaa. Huko Rukwa joto la volkano limeifukuza kutoka katika miamba na kuileta karibu na uso wa nchi. Hutumika kupoza sumaku za mashine za kupigia picha hospitalini, na duniani si nyingi.

Joto hilo hilo huonekana katika chemchemi za maji moto za Songwe ya kaskazini, ambazo zimetandaza matabaka ya mawe ya chokaa yanayochongwa na kuuzwa kama marumaru. Pia hukumbusha hatari. Tarehe 13 Desemba 1910 tetemeko la Rukwa lilikuwa miongoni mwa makubwa kabisa yaliyopimwa Afrika katika karne ile, na Desemba 2009 mfululizo wa matetemeko uliwatoa watu majumbani huko Karonga, ng'ambo tu ya mto wetu.

Wakati mzuri wa kuja ni kati ya Juni na Septemba, mvua ikiwa imekwisha na barabara za Bundali zikiwa kavu. Songwe wakati huo ni mwembamba na msafi, na mtu akisimama ukingoni huona upande wa pili wanawake wakifua nguo, wakisalimiana kwa Kilambya na wenzao wa upande huu. Ajaye kwa ajili ya kuuona mto ukifanya kazi yake ya kuhama, huyo na aje Machi, na viatu vya mpira.